Mkeka wa Mwalimu Asekenye

Ndugu waombolezaji, tumekesha, macho yanauma, hatutawachosha zaidi ya mlivyochoka. Historia hii ya Mwalimu Daphine Asekenye imeandikwa na mkwewe, Owor, fundi matofali wa Tororo ambaye hajapata kujenga ukuta ukainama, nayo inasomwa nami Olupot, mdogo wa marehemu, kwa sababu kwa mila yetu Wateso mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso hata mmoja akiwa ndani ya jeneza, na ndiyo maana Owor mnamwona, yaani hammwoni, yuko nyuma ya ule mkeka wa mafunjo.

Mwalimu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1962 huko Kwapa, Tororo, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Okwi na mama Akiteng, akasoma msingi hapo hapo akienda peku, akamaliza sekondari Tororo mjini mwaka 1980, akapata cheti cha ualimu mwaka 1983, na tangu hapo hakushika kazi nyingine ila chaki. Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa na marehemu Oriokot wa hapa Buhehe, wakajaliwa watoto wawili, Tracy na Lenox, na mwaka 2005 Tracy akapata bahati ambayo wasichana wa Tororo wanaililia mpaka leo, akaolewa na Owor.

Mwaka 2010 aliajiriwa katika shule binafsi ya wasichana hapa Buhehe, akapanda hadi kuwa mwalimu mkuu. Shule zilipofunguliwa Januari 2022 baada ya ule ugonjwa wa korona, madawati yalibaki wazi, wasichana wameolewa, wengine wanauza nyanya mpakani, naye akazunguka Buhehe na Masaba nyumba kwa nyumba, jioni anarudi nyayo zimevimba, akagundua kwamba mzazi asiyeweza kusoma ripoti ya bintiye hajui anakatiza nini. Ndipo akaanzisha mambo mawili kwa mpigo, wasichana wa kidato cha tatu wajifunze kufundisha na wapewe alama kwa hilo, na wa kufundishwa wawe wazazi, kila Jumamosi, katika ukumbi wa shule. Wakurugenzi walikubali shingo upande, wakasema ukumbi ukikosa watu hadi mwisho wa muhula, yote yanafutwa.

Ukumbi ukakosa watu. Wanawake walifika mlangoni, wakaona wakwe zao wamekaa ndani, wakageuka, na wanaume waliona mama wakwe wanakuja, wakakumbuka ghafla ng'ombe waliofungwa vibaya. Mwalimu, ingawa ni binti wa Kiteso aliyelelewa vizuri, alidhani mambo hayo huachwa getini, na kosa hilo likamfuata nyumbani, maana wa kwanza kutokuja alikuwa Owor, ambaye binti yake Babra alikuwa kidato hicho hicho cha tatu, na watu wakasema kama mkwe wake mwenyewe haji, sisi tuende kufanya nini. Owor alieleza penye chungu cha pombe ya ajono, mrija mdomoni, kwamba yeye darasa la nne alilimaliza na kubakiza, lakini mtu atasomaje akitazamwa na mama mkwe.

Muhula ukielekea mwisho, Mwalimu alimtuma Tracy kwa mumewe, kwamba anaomba ukuta wa mkeka katikati ya ukumbi. Owor akaujenga, ukuta wake wa kwanza usiokula saruji, na hajaona fundi wa kuushinda hapa wala ng'ambo ya mpaka. Wanawake walikaa upande wa Mwalimu, wanaume upande wa pili, sauti yake inapenya mafunjo, Babra na wenzake wanaandika ubaoni anachosema. Kila Jumamosi alianza kwa kuuliza, "Mkwe, upo?" na Owor anakohoa, maana kuzidisha hapo ni kukosa adabu, watu wanacheka, kisha wanasoma. Ukumbi ulijaa, hakuna kilichofutwa, na wasichana wakaanza kurudi, wengine na watoto mgongoni.

Kisukari kilimshika mwaka 2023, mwaka uliofuata akakatwa mguu, akafundisha amekaa, anachoka katikati ya sentensi, darasa linamsubiri. Septemba 2025 alilazwa Tororo, na uongozi ukasema darasa litasimama, hakuna wa kulishika. Jumapili tarehe 5 Oktoba, akiwa amerudishwa nyumbani, Owor alikaa nje ya pazia la mlango, akasikia lile swali, akakohoa, na sauti iliyokwisha ikamwambia, "Jumamosi usiwaache nje." Tracy akatoka na ufunguo wa ukumbi. Alfajiri ya Jumatatu tarehe 6, Mwalimu akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliopika na kukesha, walimu wenzake, na wasichana waliombeba leo. Mazishi yakiisha, mkeka huu unarudi ukumbini, kwa sababu kesho ni Jumamosi, na aliyeandika haya yote kwa mkono wake ndiye atakayefungua.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Mkwe yupo.