Dada Yetu Aliyewapulizia Nyenje

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Nyenje, alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la baba yetu, na marehemu mama alikuwa akisema kwamba siku hiyo cherehani zote zilinyamaza, zimeshindwa kelele.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968, akamaliza sekondari 1978, na mwaka 1983 akaajiriwa katika duka la wanyama wa kufuga nyumbani, akapewa kazi iliyokimbiwa na wenzake, kutunza nyenje wa kulishia mijusi na vinyonga. Hakuuza kwa kukisia, aliwamwaga kwenye sahani nyeupe, akanusa kopo, akatazama miguu na vipapasio, kisha akawapulizia taratibu, anayeruka akapita, anayezubaa akalazwa kwenye chupa aliyoiita wodi, maana, alisema, mgonjwa akiliwa humwachia mlaji ugonjwa.

Shemeji yetu, fundi saa, alifika pale ana haraka zake, akisema ana mjusi wa kulisha, akanyimwa nyenje kwa sababu kopo lilikuwa linanuka, akarudi kesho yake, akarudi keshokutwa yake, hata wakafunga ndoa tarehe 12 Julai 1986, ndipo ikajulikana kwamba mjusi alikuwa wa jirani, na jirani alishahama naye zamani. Walijaliwa binti mmoja, mwaka 1989, ndiye huyu hapa mbele, amemshika baba yake mkono.

Februari mwaka jana dada alianza kuishiwa pumzi, madaktari wakakuta mapafu yamechoka, lakini kazi ya kumlisha kinyonga wake wa nyumbani hakumwachia mtu. Jioni moja shemeji alimshikia sahani, dada akapuliza, nyenje wakatulia tuli, akapuliza tena, wapi, akacheka, akasema, “Fundi, ama hawa wameugua wote, ama ni mimi,” na shemeji akaenda jikoni kuosha kikombe kilichokuwa safi. Baadaye dada akamwambia, “Nikiondoka mtamlisha kinyonga wangu chochote kinachotambaa, nawajua,” naye shemeji, ambaye tangu ndoa alikuwa hajathubutu kumgusa nyenje, akaapa kwamba haitakuwa hivyo.

Alifariki hospitalini alfajiri ya tarehe 9 Oktoba 2025.

Tangu siku hiyo kinyonga hakupewa kitu, hakuna aliyeweza kuisogelea ile sahani. Leo asubuhi, kabla ya kuvaa koti, shemeji aliwamwaga nyenje, akanusa, akatazama, akainama apulize, badala ya pumzi kikatoka kilio, wakaruka wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja akamwokota kwa vidole vyake mwenyewe, akamlaza wodini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotuletea viti bila kuombwa, na wenzake wa dukani, ambao leo wamefunga mlango kwa ajili yake.

Pumzika, dada, usihangaike tena na sahani. Kinyonga wako amekula, na amekula wazima tu.