Esteri Ininahazwe na Ua la Nyuma ya Jiko

Jumatano, tarehe 1 Oktoba 1997, hapa Rungwe Mpya mawingu yalifunga tangu alfajiri, lakini mvua haikushuka. Alasiri ya siku hiyo Bi Esteri Ininahazwe alifariki nyumbani kwake, akiwa na miaka 44. Mvua ilianza jioni, akiwa ameshatutoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1953 Nyabibuye, Kibondo. Alisoma shule ya msingi huko huko, akamaliza darasa la saba mwaka 1968. Baadaye alijifunza kushona, na kwa miaka mingi alishona sare za shule katika duka la rafiki yake, Bi Zaitun, Kasulu mjini. Bi Zaitun anasema hakuwahi kumwona akikata kitambaa kabla ya kukipima mara mbili, na mara ya tatu kwa wasiwasi tu.

Tarehe 6 Julai 1974 alifunga ndoa Kabanga na Bwana Nestori Nduwayezu. Mama mkwe wake, marehemu Bibi Mpawenimana, alikuwa amevuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 na furushi la mbegu za maharage. Ndani yake kulikuwa na mzizi mmoja mfano wa kitunguu. Aliupanda nyuma ya jiko. Kila mwaka, mvua za kwanza zinapokaribia, hapo hutoka ua jekundu, la mviringo kama kichwa cha mtoto, kabla hata ya majani yake. Kiangazi hupotea kabisa, usione kitu ila udongo. Bibi alipofariki mwaka 1981 alimwachia Esteri bustani hiyo na neno moja: kona ile isiguswe na jembe. Tangu hapo, kila Septemba, marehemu hakuwa na raha mpaka alione ua hilo.

Agosti 1994 walimpokea Manirambona, aliyekimbia vita Burundi akapitia Kibondo na mwanawe mgongoni. Mgeni mwenye adabu hali bure. Siku moja, Esteri akiwa mjini, Manirambona alishika jembe akalima ile kona iliyoonekana tupu, akaipiga matuta safi kabisa ya maharage. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Esteri aliporudi alisimama, akatazama, akasema, “Umelima vizuri, mdogo wangu.” Kisha akapiga magoti kwenye lundo la takataka.

“Dada, hayo ni magugu,” Manirambona akamwambia.

“Ndiyo. Ni magugu ya mama mkwe wangu. Nisaidie kuyaokota.”

Walifukia vipande vya mzizi vilivyobaki. Mwaka ule ua halikutoka. Manirambona alipoelezwa alilia, akataka kuhama. Esteri akamjibu, “Uhame, halafu nani atangoja na mimi?” Mwaka 1995 pia halikutoka. Oktoba 1996 kilitoka kichwa kimoja, kidogo kama limau. Siku hiyo wote wawili hawakwenda shamba.

Februari mwaka huu alianza kusumbuliwa na uvimbe tumboni. Alitibiwa hospitali ya Kabanga, wauguzi wakamhudumia kwa upendo. Mwishoni mwa Septemba aliomba arudishwe nyumbani. Kila asubuhi aliuliza, “Limetoka?” Mumewe, akitaka atulie, siku moja akamjibu limetoka.

“Vichwa vingapi?”

“Viwili.”

“Viwili! Mwaka jana kimoja, tena cha kubembeleza. Baba Reverien, miaka yote hii hata uongo hujajifunza?” Alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akamwita Manirambona. “Bustani nakuachia wewe. Wewe ndiye unayejua jembe lilipopita.” Manirambona akauliza, “Na kama halitatoka, dada?” Esteri akasema, “Utangoja. Nilikufundisha.”

Marehemu ameacha mume, Bwana Nestori. Watoto wawili, Reverien na Tunu. Mdogo wake wa kupokea, Manirambona. Na kaka yake, Stanislaus, wa Nyabibuye. Mungu amkaribishe kwake, na wasiwasi wake wote aupumzishe.

Waombolezaji wanaombwa wasivuke kamba iliyofungwa nyuma ya jiko. Usiku ule wa Jumatano watu walikuja wengi, na nyumba ikajaa. Manirambona alikesha nje kwenye kigoda, mvua ikimnyeshea, akiwazungusha watu upande wa pili kwa kuogopa miguu yao. Wengine walidhani huzuni imemzidi. Bwana Hamis, jirani yetu, alimwambia, “Mama, ingia ndani, hapo unalinda matope.” Hakuingia.

Asubuhi iliyofuata udongo ulikuwa umepasuka mbele ya miguu yake, na ua lilikuwa limetoa ncha nyekundu, moja, bado imefumba.