Ngazi ya Vibio

Ilikuwa siku ya tatu kabla ya katikati ya Oktoba, saa tisa alasiri, Numerio Tetidio alipoukataa uji wa ngano na kumtuma binti yake, Tetidia, amwite kaka yake. Salvio aliingia na matope ya shamba miguuni.

"Baba, si juzi tu ulituaga?"

"Leo sitanii, mpumbavu wewe. Keti."

Akaketi.

"Sikilizeni, wanangu. Shamba la mizeituni ni la Salvio, la bondeni ni la Tetidia, na yule fahali msimgombanie, maana mkimvuta pande mbili atanitangulia mimi. Hayo ni mepesi. Zito liko hapa kooni, na nimelimeza miaka thelathini na mitatu. Mnajua tulivyoangamia vitani kule Carrhae, jemadari wetu alipotutosa jangwani kwa uchu wa sifa, tukawa tunangoja Waparthi waishiwe mishale, kumbe ngamia wao walibeba mingine tele. Mnajua pia, kwa kuwa niliwaambia mimi, kwamba baba yenu mdogo, Vibio, alifia mikononi mwangu. Nilisema uongo. Tulipoamriwa kutoroka kimyakimya, majeruhi wakaachwa kambini, naye alikuwa na mshale pajani. Akaushika mshipi wangu, akasema, 'Kaka, nifikishe hata pale handakini tu.' Nikaukata mshipi kwa kisu, nikamwachia mkononi.

"Niliporudi, mkewe, Orfia, aliniuliza, 'Shemeji, ulimwona akikata roho?' Nikaapa mbele ya jiko hili kwamba nilimwona. Tukamlilia bila maiti, tukaliita jina lake mara tatu. Nanyi mnaijua desturi yetu: aliyeliliwa naye yu hai hapiti mlangoni tena, akirudi, hushushwa kupitia paani. Mwaka uleule nikaliezeka upya paa la Orfia, kigae kwa kigae, watu wakanisifu kwa kumtunza mjane wa ndugu yangu, kumbe nilikuwa naziba njia.

"Sasa Waparthi wamerudisha sanamu za tai za majeshi yetu, na mateka wachache wamevuka mto wa mpakani kurudi kwetu. Tangu nisikie hayo, mbwa akibweka natokwa jasho. Juzi Orfia aliniletea tini. Nikazila, wanangu, nikamwambia ni tamu. Uso umeumbwa na haya, wangu haukuwa nazo. Mwambieni nyinyi. Msinizike na mshipi, Vibio anao. Mlangoni kwenu asikose kuingia wa kwenu… mizimu ya jiko iwalinde… Tetidia, ng'oa vigae vinne… upande wa… mtini…"

Hakumaliza. Tetidia alimfumba macho.

"Tumwache mama wa watu na amani yake," Salvio alinong'ona. "Kama yupo, Vibio ni kikongwe sasa. Nani atatembea kutoka huko? Na sisi tutatazamwaje sokoni?"

 Tetidia alikuwa akiwaza ni upande gani wa mtini wa Orfia, wa kisimani au wa barabarani.

Asubuhi yake alibeba ngazi begani hadi kwa Orfia, aliyekuwa uani akimenya maharage.

"Paa langu halivuji, mwanangu. Baba yako alilijenga vizuri."

"Najua, mama mdogo."

Akaiegemeza ngazi ukutani, upande wa barabarani, akamweleza yote bila kumtazama, hata habari ya tini. Orfia alisikiliza hadi mwisho. Kisha akajifuta mikono, akaja akaishika ngazi isiyumbe, na Tetidia akapanda kung'oa kigae cha kwanza.