Ladislas Byiringiro (1962–2025), Fundi wa Makoti ya Marubani

Huyu tunayemsindikiza leo, Ladislas Byiringiro, alizaliwa Bukavu tarehe 14 Machi 1962. Wazazi wake, Mzee Mutabazi na Maman Mukagasana, walikuwa wakimbizi waliotoka Nkungu, Rwanda. Kaka yake Gad alimtangulia kwa miaka mitano. Dada yake Emerance akamfuata.

Alisoma shule ya msingi palepale Bukavu, kisha akajifunza ushonaji wa ngozi katika shule ya ufundi. Hesabu zilimpiga chenga, lakini ngozi aliijua hata kwa kuinusa.

Mwaka 1995 alirudi Rwanda akafungua kibanda sokoni Kamembe. Humo alitengeneza makoti ya ngozi ya marubani wa vita vya zamani, yaliyochomoza mojamoja ndani ya marobota ya mitumba. Mshono uliofumuka aliushona upya kupitia matundu yaleyale ya mwanzo, wala hakuthubutu kufuta alama ya jasho kwenye kola. Baadaye watu wa Ubelgiji wakawa wanamtumia picha kwenye simu awaambie lipi la kweli na lipi la kuiga. Kuremba maneno hakujua. Kijana mmoja alimletea koti lililozeeshwa kwa rangi ya viatu, akijisifu kwamba limepigana vita. Marehemu alilinusa, akamwambia taratibu: "Mutoto wangu, hii koti haikuonaka vita. Ilionaka burosi ya viatu." Kijana alicheka. Wachuuzi hawakucheka, wakawa wanaficha makoti wakimwona anakuja.

Tarehe 9 Agosti 1997 alifunga ndoa na Odette Umurerwa wa Bugarama. Hawakujaliwa watoto, lakini nyumba yao haikukosa wageni. Gad, aliyebaki Bukavu, alivuka mpaka kwenye daraja la Rusizi ya pili kila Jumapili kuja kula sombe, kisamvu cha Odette.

Mwaka 2011 Mzee Mutabazi akafariki. Siku ya kumaliza kilio, nguo zake zilipogawanywa, Gad alikabidhiwa koti tulilolijua sote. Mzee alisema alipewa na rubani ambaye yeye Mzee alimwokoa, ndege ya huyo rubani ilipoanguka mwaka 1961. Mtu mmoja akamwomba Ladislas alieleze. Ulimi hauna mfupa. Alilikagua kama koti la mteja, akasema mbele ya watu wote: "Hii haiko ya ule rubani. Hii zipu, ile wakati ilikuwa haiyatoka bado." Alikuwa amemfanya baba yao mwongo, na kaburi bado bichi. Gad alilikunja koti akaondoka bila kuaga.

Hakuvuka tena. Odette alipofariki, mwaka 2015, mke wa Gad, Eugénie, alikuja peke yake. Marehemu akabaki na makoti ya watu wengine. Kila Jumapili alipika sombe nyingi kupita tumbo lake, jioni akawagawia majirani. Alikuwa mpweke, tuseme ukweli, na sisi tuliokuwa karibu hatukuliziba pengo lile. Alimtumia Gad salamu kupitia wafanyabiashara waliovuka, majibu hayakurudi. Siku moja alimwambia Emerance: "Nilisema kweli, lakini hapakuwa fasi ya kuisemea."

Julai 2024 madaktari walimkuta na saratani ya tumbo. Habari za dawa hakuuliza. Aliuliza kama yaya wake amefika, ndivyo alivyomwita kaka yake Gad. Mwishowe Emerance alivuka mwenyewe kwenda kumwita.

Gad alifika hospitalini Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025. Marehemu hakuweza tena kusema. Gad aliketi kitandani, akainamisha kichwa.

"Papa aliinunuaka ile koti ku soko ya Kadutu," akasema. "Alinielezaka nikingali mutoto, akaniambia nisiseme. Nilijua mbele wewe ujue, mudogo yangu. Nilikasirika juu ulisema mbele ya batu."

Mabega ya marehemu yakaanza kutikisika. Emerance alidhani analia, akainama kumfuta machozi, akakuta anacheka. Gad naye kicheko kikamshinda.

Alifariki alfajiri ya Jumamosi, tarehe 8 Februari, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Gad. Ameacha dada yake Emerance, shemeji yake Eugénie, watoto wa ndugu zake, na kaka yake Gad, ambaye ataweka udongo wa kwanza.

Alale kwa amani. Yaya wake amefika.