Kubisha Hodi kwa Walionyoosha Mkono

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi; Mwalimu Mkuu mstaafu, mwenyekiti wa kikundi chetu; viongozi wetu wa dini; Mzee Kinyozi, uliyetuachia chumba hiki kwa moyo mweupe; mama mkwe wangu, uliyekuja na mguu wako unaouma; ndugu wageni waalikwa; majirani zangu mlioketi, na ninyi mliosimama nje ya dirisha mkasema mnapita tu: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimepewa nafasi ya kusema machache siku hii ya kufungua ofisi ya kikundi chetu, kikundi cha watu wa kipato kidogo wanaodai wasikilizwe. Kabla ya yote niseme ukweli: naogopa. Wengi mnanijua kwa mkaa. Sokoni naita wateja kutwa nzima na sauti hainikauki. Leo nimesugua mikono tangu asubuhi, nimevaa gauni nililomzikia mume wangu kwa sababu ndilo zuri nililo nalo, na sauti imenikimbia. Mwalimu aliisoma karatasi hii jana, akanisahihishia, kisha akaniambia, “Mama Mkaa, soma kama ilivyo. Eleza tunavyowafuatilia watu wa kujitolea, shukuru, keti. Mambo ya soko usiyaguse.” Nikamwitikia vizuri.

Hofu haiko kwangu peke yangu. Chumba hiki kilikuwa cha kunyolea, na vioo bado viko ukutani pande zote mbili, kwa hiyo hata aliyejibanza nyuma anaonekana uso na kisogo. Tangu tuingie nawaona mnavyosogeza viti kukwepa vioo. Namwona dada mmoja amejifunika mtandio hadi puani, na joto lote hili. Dada yangu, sikutaji. Vuta pumzi.

Kazi niliyoombwa niieleze ni hiyo ya kufuatilia. Tukiitisha mkutano uwanjani, tukaeleza kwamba zahanati ya mtaa imefungwa na kwamba wasio na nauli ndio wanaoumia, mikono inapanda juu kama majani. Nani yuko tayari kujitolea? Mimi! Na mimi! Mtu akiwa katikati ya wenzake anajiona jemadari. Halafu mkutano unakwisha, anarudi nyumbani, anafunga mlango, anaketi peke yake na ule mkono wake. Nani atamwendea pale? Nani atamkumbusha bila kumtisha, atamwomba bila kumlazimisha?

Aliyekuwa akiwaendea ni mume wangu, fundi viatu, ambaye ninyi mlimwita Fundi Soli. Jukwaani hakufaa kitu. Akipewa kipaza sauti alikohoa, akasema “nami naunga mkono,” akakirudisha. Lakini watu wakishatawanyika, kazi ilikuwa yake. Aliujua mtaa huu. Hapa kwetu anayebisha hodi ni nani? Ni mwenye nyumba, ni askari, ni mtu wa kukata maji. Mlango ukigongwa, watu wanajificha. Kwa hiyo yeye hakugonga. Alisimama mbali kidogo na mlango, akaanza kusema na upepo: “Hivi hapa nani anavikanyaga visigino viatu vya shule namna hii?” Aliye ndani akisikia habari za visigino, anajua huyu si askari. Anatoka mwenyewe, tena kwa ukali, kuvitetea viatu vyake.

Na akishaketi hakumwambia mtu asiogope. Nilimuuliza siku moja kwa nini hasemi hivyo, maana ndivyo watu wote tunavyosema. Alikuwa ameshika misumari midogo kwa midomo, akaitoa kwanza ndipo akanijibu: “Ukimwambia mtu asiogope, hofu yake haitoki, anaificha tu. Sasa utaisaidiaje na hujui ilipo?” Yeye alimuuliza mtu anaogopa nini hasa, kisha akangoja jibu. Akirudi nyumbani alivua viatu nje akavigonganisha mara moja kukung’uta vumbi, nami nikajua niweke chai. Hadi leo jirani akigonganisha viatu vyake nje, mkono wangu unakwenda kwenye birika wenyewe.

Kifua kilimbana mvua zilipokuwa zikielekea mwisho. Zahanati iko karibu na nyumba yetu kiasi kwamba kivuli cha paa lake kinaanguka kwenye kamba yangu ya nguo. Ilifungwa kwa ukarabati, na ukarabati wenyewe hatujauona. Shemeji yangu na jirani mmoja walimlaza kwenye mkokoteni wakaanza kusukuma kuelekea hospitali ya mbali. Tulipita mbele ya lile lango lenye kufuli. Mimi niliitazama kufuli. Yeye hakuitazama, alikuwa akimwomba radhi jirani anayesukuma: “Nisamehe ndugu yangu, leo nimekuwa mzito.” Baada ya hapo sikumsikia tena vizuri. Hatukufika.

Msiba ulipokwisha nilisema nitaichukua kazi yake. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, akanipa beji ya kuning’iniza shingoni na faili jeusi, ili niende kirasmi. Nikapaka viatu rangi. Kumbe nimejivika kila kitu ambacho mtaa huu unakikimbia! Niliingia uchochoro wa nyuma, na mbele yangu nikasikia redio zinazimwa na makomeo yanafungwa, moja baada ya jingine, kama mvua inayokuja. Nikafika kwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu, yule yule wa mkokoteni. Nikagonga. Nikasikia kishindo nyuma ya nyumba. Nikazunguka, nikamkuta ananing’inia dirishani, suruali imenasa kwenye msumari.

“Shemeji! Kumbe ni wewe?”

“Ni mimi. Na wewe unakwenda wapi?”

“Nakimbia. Nilidhani ni wao.”

“Wao kina nani?”

“Nijuaje? Hao wanaokuja na faili.”

“Subiri basi nikunasue.”

“Ninasue, halafu hiyo beji itupe chooni. Kaka aliwaita watu kwa soli, wewe utawaua kwa shinikizo la damu!”

Cheka tu, shemeji. Leo angalau umeingia kwa mlango.

Beji niliirudisha. Siku hizi natoka na nguo zangu za mkaa, na kikapu changu kichwani. Watu wananifungulia, tunaongea. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri hata nikaanza kuzoea. Hayaendi vizuri tena, na sababu yake ndiyo inayonifanya nishike meza hii kwa mikono miwili.

Jumanne asubuhi kamati ya halmashauri itakaa kuamua juu ya lile jengo: ama lifunguliwe liwe zahanati tena, ama ligeuzwe stoo ya saruji ya soko jipya linalojengwa badala ya soko letu. Wametuambia wazi kwamba kama wakazi wanaihitaji zahanati, waje ukumbini waonekane. Viti vikiwa vitupu, ni stoo. Hatuhitaji mtu atoe hotuba, tunahitaji akae. Walionyoosha mikono uwanjani wanatosha kuujaza ukumbi ule na kubaki. Lakini tangu tarehe ijulikane, kuna neno linatembea. Linasema atakayeonekana ukumbini Jumanne, asahau kibanda kwenye soko jipya. Nililisikia kwanza kwa muuza kamba. Nilipofika kwa mshona mikeka lilikuwa limeshakua: si kibanda tu, hata kwenye chumba cha kupanga utahamishwa. Kwa fundi baiskeli nikaambiwa hata mtoto shuleni hatapokelewa. Nami narudi nyumbani nikigeuka nyuma kila mara, sijui namtafuta nani.

Kuna mama mmoja, kazi yake siitaji, ameniruhusu niyaseme haya nisipomtaja. Juzi nilikwenda kwake. Mlango ulikuwa wazi ila pazia limeshushwa, na hakulifungua.

“Mama Mkaa, sema polepole. Ukuta huu kama karatasi.”

“Nimekuja kuhusu Jumanne, mdogo wangu.”

“Najua. Ningekuwa sijui ningeshakukaribisha ndani.”

“Unaogopa nini hasa?”

Nikangoja. Nilisikia maji yakidondoka kwenye beseni.

“Wamesema kibanda,” akasema.

“Nani kasema?”

“Wamesema. Aliyesema hajulikani, ila kila mtu anajua.”

“Na kingine?”

“Binti yangu. Mwezi huu anajifungua, na miguu imemvimba sana. Siku hizi simtazami usoni, natazama mlango. Nawaza ikianza tutatokaje hapa, na tutamsukuma hadi wapi.”

“Kwa hiyo utakuja?”

“Nikija naogopa. Nisipokuja naogopa. Wewe mkubwa wangu niambie, nichague hofu ipi?”

Ndugu wageni waalikwa, mngemjibu nini? Mngemwambia asiogope? Mimi nilisimama pale nje ya pazia hadi jirani akaanza kuchungulia, na kwa ajili ya usalama wake nikaondoka.

Mwalimu, naona umevua miwani. Karatasi uliyonisahihishia imeishia hapa. Naomba radhi mbele ya watu, maana ninayotaka kusema sasa hukuyasoma.

Mheshimiwa Diwani. Siku ya kumzika mume wangu ulikuja. Ardhi ilikuwa tope, na viatu vyako vizuri vilizama hadi kwenye kamba, nami katika majonzi yangu nikawaza kwamba soli hizo alizishona yeye, haziingizi maji. Ulisimama kando ya kaburi ukasema, “Huyu alikwenda mlango kwa mlango kwa ajili yenu. Kazi yake isife naye. Mkimhitaji mtu wa kuifanya, na mimi mnihesabu.” Watu wote waliitikia. Mama mkwe wangu alilia kwa shukrani.

Basi nimekuja kukufuatilia, Mheshimiwa, kama tunavyomfuatilia kila aliyejitolea. Tumechelewa kukufikia kwa sababu getini kwako pana mlinzi, na kwa sababu tulikuogopa. Leo umekuja mwenyewe, umekaa kiti cha mbele, nami sina faili.

Lile neno la vibanda linatembea kwa jina lako. Sisemi ulilisema. Katika nyumba zote nilizoingia sijamkuta hata mtu mmoja aliyelisikia kinywani mwako. Lakini wewe ndiye unayegawa vibanda, na watu wamekaa wakisubiri ulikanushe, siku zinapita, na kila siku inayopita wanaihesabu kuwa ni jibu. Huenda hujalisikia. Huenda umelisikia, na kuna mtu huko juu ambaye wewe nawe unamwogopa. Kama yupo sitakucheka, na simcheki mtu kwa hilo. Mimi mwenyewe naogopa.

Nina kibanda sokoni. Ndicho kinachotulisha mimi na mama huyu aliyemzaa mume wangu. Hakuna kingine. Nikishuka hapa huenda nimekipoteza, na hilo nimelifikiria hadi gauni limenilegea mabegani. Mama hakulala akinisihi nisilitaje lile neno la vibanda. Nisamehe, mama. Lakini ningewaendeaje watu nikawauliza hofu zao, halafu yangu niifunike?

Ninachokuomba ni kidogo. Kama lile neno ni la kweli, tuambie ni la kweli, ili kila mmoja aamue akijua bei yake. Kama si la kweli, sema hivyo hapa, kwa sauti ya kufika dirishani, kwamba atakayekuja Jumanne kibanda chake kitabaki chake. Mimi nimesema nyuma ya mapazia mpaka nimechoka, na maneno yangu hayajamtoa mtu nje. Yako yanaweza. Wanaokungoja wako hapo nje, Mheshimiwa, wamesimama tangu naanza, na hakuna aliyepita.

Ukijibu, usipojibu, Jumanne mimi nitakuwa kwenye ule ukumbi. Nitakuwa naogopa hivi hivi ninavyoogopa sasa.

Namshukuru Mzee Kinyozi kwa chumba. Namshukuru Mwalimu, ambaye leo nimemuudhi. Nakushukuru shemeji, na jirani uliyesukuma, hukuwahi kulalamika. Nimeshukuru kwamba mmenisikiliza hadi mwisho na hakuna aliyenikatisha.

Mheshimiwa, ratiba inasema baada yangu zinafuata soda. Soda zitasubiri. Kipaza sauti hiki hapa.