Dada Yetu, Aliyesafiri kwa Niaba ya Wawili

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango wa tatu kutoka kwenye bomba la maji. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mshona nguo. Kwa kuwa alitangulia, aliitwa jina lililomganda kuliko lile la kwenye cheti: Dada. Wadogo zake walimwita Dada, majirani wakamwita Dada, na hata baba yake mzazi, akitaka chai, alisema, “Mwambieni Dada.”

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, kisha sekondari ya wasichana ya bweni hadi 1968. Somo lake lilikuwa jiografia. Mwalimu wa darasa aliandika katika ripoti yake ya mwisho: “Anaijua vizuri miji ambayo hajawahi kuiona. Akitumwa stoo kuleta chaki, hupotea.” Ripoti hiyo aliitunza maisha yake yote na aliwaonyesha wapwa zake, ili wajue kwamba kupotea si dhambi. Mwaka 1969 alijiunga na chuo cha uhazili, akatoka na cheti cha kupiga taipu, maneno sitini kwa dakika.

Januari 1971 aliajiriwa mpiga taipu katika kiwanda cha uchapaji kilichokuwa nyuma ya posta kuu. Kazi yake ilikuwa sahihi, isipokuwa siku moja. Mwaka 1975, hoteli ya stesheni iliagiza orodha mpya ya vinywaji, na Dada akaandika “mvinje mwekundu” badala ya “mvinyo mwekundu.” Nakala mia mbili zikachapwa. Mhudumu wa baa wa hoteli hiyo alikuja kiwandani mwenyewe, amevaa koti jeupe, ameshika nakala moja mkononi.

“Dada yangu,” alisema, “mteja akiagiza huu, nimmiminie au nimkatie tawi?”

Mtu huyo watu walimwita Ndimu, maana vidole vyake vilinukia ndimu hata siku za mapumziko. Alikuwa mchanganyaji wa kokteli, na aliichukulia kazi hiyo kama wengine wanavyochukulia udaktari. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Desemba 1976, wakapanga nyumba ya vyumba viwili karibu na kiwanda. Hawakujaliwa mtoto. Walilia kwa miaka kadhaa, kila mmoja kwa wakati wake ili mwenzake asione, kisha wakaacha kulia, wakaanza kusafiri.

Safari hizo zilianza kwa hasira. Mwaka 1983 Ndimu alisoma katika jarida moja la wasafiri makala iliyoisifu hoteli ya milimani kwamba inawafaa wapenzi. Yeye alikuwa ameshafika hapo. Aliandika barua, Dada akaipiga taipu, kumwambia mhariri kwamba baa ya hoteli ile ina barafu yenye harufu ya samaki, na kwamba mapenzi hayawezi kusitawi mahali kama hapo. Mhariri, mwanamke mwenye ofisi katika mji wa mbali, alijibu kwa mstari mmoja: “Basi nendeni nyinyi, mwandike.”

Wakaenda. Ndivyo ilivyozaliwa safu ya “Sisi Wawili.” Dada aliandika kuhusu chumba: kitanda, dirisha, mashuka, kama pazia linafunga au linajifanya kufunga. Ndimu aliandika kuhusu kaunta: glasi imepozwa au imeoshwa tu, ndimu imekamuliwa leo au jana, mkono wa mchanganyaji una haraka au una subira. Mara tatu au nne kwa mwaka walipata likizo, wakalala katika nyumba za miti juu ya maji, katika majumba ya zamani yenye baa juu ya paa, katika hoteli ya ziwani iliyokuwa na viti viwili viwili tu, kana kwamba dunia haina mtu wa tatu. Ndimu alikuwa akionja, anafumba macho, na kutoa hukumu. “Huyu kijana ana mkono,” alikuwa akisema. Au: “Huyu arudi nyumbani akapumzike.” Watu walikwenda fungate kwa kufuata maneno yao.

Ndimu alifariki ghafla Ijumaa, tarehe 9 Agosti 1991, jikoni kwake, akisubiri maji yachemke. Alizikwa kwao. Wiki mbili baadaye bahasha ya jarida ikafika, yenye tiketi mbili za safari iliyokwisha kupangwa. Mhariri hakuwa na habari. Dada aliketi akapiga taipu barua ya kumjulisha. Ilikaa mezani siku tatu. Siku ya nne aliirudisha kwenye droo, akafunga sanduku, akaenda.

Alifika, akapewa chumba cha watu wawili. Mapokezi walimuuliza, akajibu, “Mwenzangu anakuja kesho.” Kwenye baa aliagiza vinywaji viwili, akakaa na kimoja, akaonja na kingine. Aliporudi aliandika sehemu yake, kisha akageuza karatasi akaandika ya Ndimu. Hakuona tabu. Miaka kumi na minne alikuwa amekaa karibu na mtu anayezungumza habari za barafu. Alijua mume wake angesema nini kabla glasi haijagusa meza.

Alifanya hivyo kwa miaka tisa. Safari ishirini na nane, na kila mahali mwenzake alikuwa anakuja kesho. Wakati mwingine alivuruga shuka upande wa pili ili wasafishaji wasishangae. Wasomaji walimwandikia Ndimu kumwomba ushauri, na Dada akawajibu kwa niaba yake. Bwana harusi mmoja alitaka kujua amchagulie mkewe kinywaji gani siku ya kwanza. Dada alimjibu kwa sauti ya marehemu: “Usimchagulie. Muulize.”

Mambo yalifika mwisho mwezi wa Mei mwaka 2000, katika ile hoteli ya ziwani. Ilikuwa saa kumi alasiri, baa haina mtu. Mhudumu alikuwa mtu mzima, mwenye mvi pembeni. Alitengeneza kinywaji kimoja, akasita.

“Mama, na cha mzee nikitengeneze?”

“Kitengeneze. Anakuja.”

Mhudumu hakushika chupa. “Mwaka juzi ulipokuja nilikitengeneza,” alisema. “Barafu ikayeyuka, nikakimwaga. Na kile cha safari ya kabla yake pia nilikimwaga.”

Dada alitazama nje. Watu wawili walikuwa wakipanda mtumbwi wa hoteli, wanasaidiana, wanacheka.

“Alikufa,” alisema. “Huu ni mwaka wa tisa.”

“Pole, mama.”

“Asante. Hakuna aliyenipa pole tangu tulipomzika. Niliwanyima nafasi.”

Mhudumu alizunguka kaunta, akaketi kwenye kiti cha pili, jambo ambalo kanuni za kazi yake zilikataza. Hakusema neno la hekima. Alimuuliza Ndimu alikuwa akifanya kazi wapi, na kama ni kweli kwamba hoteli za stesheni zamani zilikuwa na koti jeupe la kila siku na jingine la Jumapili. Walizungumza hadi msimamizi alipomwita. Dada alisema baadaye kwamba ile ndiyo saa moja katika miaka tisa aliyokaa na mtu mezani.

Aliporudi nyumbani alimwandikia mhariri ukweli wote, kurasa mbili. Mhariri hakujibu kwa barua. Alipanda basi, akaja, akaketi kwenye kiti cha mbao sebuleni, mkoba mapajani.

“Nimechapisha maneno ya marehemu miaka tisa.”

“Ndiyo.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungeniambia nibaki nyumbani.”

Mhariri alifikiri. “Ningekwambia hivyo, ndiyo,” alisema. “Safu ni ya wawili.” Kisha alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa, lakini safu aliifunga.

Jarida lilitoa tangazo la mistari minne. Barua zikaja kwa mafurushi. Wengi walimpa pole, wengine walikasirika. Mke mmoja aliandika: “Tulikuwa tukiwasoma tukijipima nanyi. Tulipogombana tulisema, mbona wale hawagombani. Kumbe tulikuwa tukijipima na kivuli.” Dada alizijibu zote, mia mbili na kumi na tatu, kwa mkono wake na si kwa mashine, na ilimchukua mwaka mzima. Dada alimjibu yule mke: “Tuligombana pia. Mara nyingi, na mara nyingi kosa lilikuwa langu. Hilo sikuliandika, nisamehe.”

Baada ya hapo aliishi kwa kupiga taipu na baadaye kompyuta, akiwachapia wanafunzi tasnifu zao, hadi alipostaafu mwaka 2013. Hakusafiri tena isipokuwa mara moja, mwaka 2011, mdogo wake wa kike alipojitolea kumsindikiza hoteli moja ya pwani. Mdogo wake hanywi, alilala saa mbili usiku, na aliulalamikia mto wa kitandani mpaka siku ya kuondoka. Dada alimwambia, “Asante kwa kuja,” kwa adabu, kama mtu anavyomwambia mgeni.

Februari mwaka huu wa 2022 aligundulika na saratani ya kongosho. Hakupenda kelele. Alihamia kwa mdogo wake, chumba cha mbele, na ni hapo alipomsimulia haya yote, kidogo kidogo, maumivu yalipompa nafasi. Aliagiza hivi: “Mkiandika wasifu, andikeni na ile miaka tisa. Msinipake rangi.”

Tumeandika. Na kwa kuwa tumeandika yake, ni haki tuandike na yetu. Katika miaka ile tisa, Dada alirudi kutoka safarini mara ishirini na nane. Kila mara alipitia kwetu na zawadi: sabuni ndogo za hotelini, leso, vikapu, kofia za watoto. Sisi ndugu zake tulikuwa tumemzika Ndimu kwa mikono yetu. Tulijua kwamba ni mjane, tulijua kwamba anakwenda mahali pa wapenzi. Tulizipokea zawadi, tukazigawana, tukamwambia umependeza, hewa ya huko imekukubali. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza, “Ulikwenda na nani?”

Dada alifariki Alhamisi, tarehe 16 Juni 2022, saa tisa na robo alasiri. Mdogo wake alikuwa ametoka kidogo kwenda duka la dawa. Dada alikuwa peke yake chumbani.

Ameacha mdogo wake wa kike, mdogo wake wa kiume, shemeji wawili, wapwa watano na wajukuu tisa wa ndugu zake, ambao wote wapo hapa leo, wamesimama karibu naye.

Mwenyezi Mungu ampokee dada yetu, na ampe pumziko lenye amani.