Namba Nyuma ya Mlango

Basi la Kawangware lilikuwa halijatoka mjini, na Phanice, fundi wa cherehani, tayari alijua kwamba mzee wa kiti cha mbele ana ploti za kupangisha Kabiro. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mama aliyeketi na mzee huyo alikuwa wa kijiji cha Raila, kule Kibera, na sasa alikuwa akilala kwa dadake, kwa kuwa nyumba yake iliungua.

"Mwanangu Ambrose tulimtoa akiwa hai," alisema. "Sista wa misheni ana gari la kubeba wagonjwa. Namba yake ya simu niliandika kwa chaki nyuma ya mlango, na mlango ndio ulioungua kwanza. Nilifika kwa kibanda cha simu na sarafu mkononi, kichwa tupu."

"Lakini mama, si ungeandika nje?" Phanice aliuliza.

"Landlord alikataa. Ati tunamharibia ukuta."

Mzee alikohoa. "Hata mimi kwangu nakataa. Ukiruhusu mmoja, kesho ploti yote ni ubao wa shule."

"Sasa ningeiweka wapi, mzee?"

"Kwa kichwa."

"Kichwa kilikuwa kimejaa kilio cha Ambrose."

Basi lilisimama kituo cha Fifty-Six. Mzee akainuka, akavaa kofia, kisha akatoa kalamu.

"Hebu nipe hiyo namba ya sista. Nitaiandika kwa geti."

Mama alimtazama. "Mzee, si nimekuambia ilikuwa kwa mlango?"